Miaka Sita na Miezi Minane ya Mwalimu wa Nuti

Barua ilifika skuli ya wasichana ya Ibra, Omani, siku ya Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2003. Ilikuwa na mistari minne. Ilimshukuru Mwalimu Mahfoudha bint Zakariya kwa utumishi wake, ikamjulisha kwamba tarehe 3 Machi atatimiza miaka sitini na kwamba siku hiyo kazi yake itakoma. Mahfoudha aliisoma mara moja, akaitia ndani ya kitabu cha historia cha darasa la tisa, akaenda kufundisha vipindi vitatu vilivyobaki. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Hakuna mwalimu aliyeshangaa kumwona amekasirika. Miaka ishirini na nne aliyofundisha Ibra ilikuwa na hasira zake, na watu walizitaja kwa tarehe kama watu wengine wanavyotaja mafuriko. Ile ya mwaka 1995 ndiyo iliyosimuliwa zaidi. Mzazi mmoja, Marhoun, mwenye duka la vipuri vya magari, alikwenda kwa mwalimu mkuu kushitaki kwamba bintiye anafundishwa kuabudu sanamu. Mahfoudha aliitwa. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba amwite binti yake na amuulize, mbele ya wote, sentensi ya kwanza ya somo ilikuwa ipi. Msichana alijibu bila ya kusita: hii ni hekaya ya watu waliokufa zamani, na Mungu wetu hakuzaa wala hakuzaliwa. Mahfoudha akamwambia Marhoun kwamba mwakani aje yeye mwenyewe darasani, kwa sababu anaonekana hana kazi dukani. Hakuja. Mwaka uliofuata alimleta binti yake wa pili.

Somo lenyewe lilihusu mungu wa kike wa mbingu wa Wamisri wa kale, Nuti. Katika kitabu alipewa aya mbili na picha ndogo kama kisanduku cha kibiriti. Mahfoudha alimpa vipindi viwili vizima. Alisogeza madawati ukutani, akamchagua msichana mrefu kuliko wote, akamwinamisha mpaka viganja na vidole vya miguu vikagusa sakafu, mgongo juu kama upinde. Juu ya mgongo alitandika abaya lake la zamani alilolishonea vifungo vyeupe vya mashati. Hizo ndizo nyota. Msichana wa pili alilala chini ya upinde, huyo ni ardhi, kaka yake mbingu. Wa tatu alipiga magoti katikati na kuinua mikono, huyo ni hewa, anayewatenganisha wasigusane. Kisha lilitoka chungwa, nalo lilikuwa jua. Kila magharibi Nuti hulimeza. Usiku kucha hupita ndani ya mwili wake, na alfajiri hulizaa upya kwa upande wa mashariki.

Wasichana walicheka, halafu wakaacha kucheka. Mahfoudha aliwauliza nani ana babu aliyegawa maji ya falaji kwa nyota, na mikono ilinyanyuka. Huko mashambani kila mmoja alijua kwamba zamani zamu ya maji ya usiku, katika mifereji ile ya kale, ilianza nyota fulani ikichomoza juu ya jabali fulani na kwisha ikifuata nyingine. Basi, aliwaambia, Wamisri nao walihesabu saa za usiku kwa nyota, wakazichora juu ya mwili wa Nuti. Babu zenu wangeweza kumsoma.

Yeye alimwona kwa macho yake Kairo, mwaka 1976, alipokuwa huko kwa masomo ya ualimu. Ilikuwa ndani ya jumba la makumbusho, upande wa ndani wa kifuniko cha jeneza. Mwanamke mrefu, mikono imenyooshwa juu ya kichwa, amechorwa pale ambapo maiti, akilazwa chali, atakuwa ametazamana naye. Wanafunzi wenzake walipita wakenda kutazama dhahabu. Mahfoudha alibaki pale mpaka mlinzi akamwambia wanafunga. Alipowasimulia wenzake bwenini walimtania: Mama amemwona mzee mwenzake. Walimwita Mama kwa sababu pasipoti yake ilisema ana miaka thelathini na miwili, naye alionekana mdogo kuliko wote.

Yeye pia alicheka. Alizaliwa Pemba, katika shamba karibu na Wete, Novemba 1950, msimu wa karafuu. Hivyo ndivyo mama yake, Bi Shaikha, alivyomwambia siku zote. Pasipoti ilisema 3 Machi 1944. Watu waliotoka Unguja na Pemba baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 walikuwa na tarehe za kila aina. Wengine walipewa tarehe moja Januari, ndugu wanne, wote siku moja. Mahfoudha aliamini kwamba karani fulani alikadiria na akakadiria vibaya. Kwa miaka thelathini tarehe ile haikumnyima kitu. Sasa ilitaka kumnyima miaka sita na miezi minane ya darasa, na alikuwa hana kingine alichokitaka. Mumewe alifariki mwaka 1998. Binti yake, Ahlam, alikuwa chuoni Maskati.

Ofisi ya elimu ilimwambia iko kamati inayosikiliza watu wenye umri uliokosewa. Alitakiwa kuleta mashahidi wawili: mtu mzima aliyekuwapo siku ya kuzaliwa, na jamaa aliyepeleka makaratasi ya kwanza. Shahidi wa kwanza alikuwa Bi Kaltham, shoga wa marehemu mama yake, aliyekuwa na miaka themanini na aliyeishi mitaa miwili kutoka kwake. Wa pili alikuwa kaka yake Turki, wa Nizwa.

Alikwenda kwa Bi Kaltham alasiri ya siku ya sita ya Ramadhani. Bibi alikuwa akiumua unga wa kaimati. Mahfoudha alianza kumlaani karani.

"Karani hakukosea kitu, mwanangu," alisema Bi Kaltham. "Karatasi ile ni ya marehemu."

Mahfoudha alijua kwamba alipewa jina la dada aliyekufa. Ilikuwa desturi: mtoto akiondoka, anayemfuatia huchukua jina ili lisipotee nyumbani. Asichokijua ni habari ya karatasi. Mahfoudha wa kwanza alizaliwa mjini Unguja, hospitali, akaandikishwa. Alikufa kwa homa akiwa na miaka miwili. Mahfoudha wa pili alizaliwa shamba, kwa mkunga, na hapakuwa na mtu aliyefikiria kwenda kumwandikisha. Bi Shaikha alipokimbia mwaka 1964 alitoka na kisanduku kimoja, na ndani yake cheti kile. Hakukichukua kwa ajili ya serikali yoyote. Ndicho kitu pekee kilichobaki cha mtoto yule.

Mwaka 1973, Turki alipokuja kukusanya makaratasi ya nyumba nzima kwa ajili ya pasipoti, Bi Kaltham alikuwa amekaa nao. Alimsikia Bi Shaikha akimwambia mwanawe kwamba hicho ni cha marehemu, asikitoe, na huyu aliye hai amtafutie mashahidi mbele ya kadhi. Turki alisema jina ni lile lile na baba ni yule yule. Foleni ya mashahidi ilikuwa ya wiki nyingi. Alikichukua cheti, akakipeleka, akaapa.

"Na Mama akanyamaza?"

"Alilia siku mbili. Kisha ukapata pasipoti, ukenda Kairo. Angesema nini?"

Mahfoudha alisubiri Idi. Siku ya pili ya Idi jamaa wote hukusanyika kwa Turki kula nyama ya shuwa, na alitaka kumkuta mahali ambapo hawezi kusema ana safari. Ahlam aliendesha gari. Tangu walipoingia barabara ya Nizwa alimwomba mama yake, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, asianze ugomvi kwa sababu watu zote watakuwa pale. Mahfoudha alimjibu kwamba ndiyo maana wanakwenda leo.

Turki alikuwa na miaka sitini na mbili, amestaafu serikalini, ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi na heshima inayoendana nalo. Watu walimwita kusuluhisha mirathi. Walimkuta nyuma ya nyumba, kanzu yake nyeupe imekunjwa mpaka magotini, akisimamia watu wanaofukua nyama iliyofukiwa shimoni tangu jana. Mahfoudha alisimama upande wa pili wa shimo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ingia ndani, wifi yako anakungoja."

"Karatasi uliyoipeleka mwaka sabini na tatu ilikuwa ya nani?"

Turki alitazama wafukuaji. Walikuwa Wabangali na hawakujua Kiswahili, lakini aliwaambia wakapumzike.

"Yako."

"Ya nani, kaka?"

"Leo Idi, Mahfoudha."

"Najua leo Idi. Nimekuuliza karatasi."

Alianza kujitetea kwa sauti ya chini. Alikuwa kijana, ana watu sita wa kuwatafutia makaratasi, na kila dirisha linamrudisha kwenye dirisha jingine. Kosa lilikuwa dogo na halikumuumiza mtu. Sasa anatakiwa aende mbele ya kamati, kwa umri wake, aseme aliapa uongo? Watu watasema nini Nizwa? Mwisho alipata hoja iliyokuwa na nguvu, na akaitumia.

"Bila ya karatasi ile ungekuwa wapi? Kairo ungekwenda na nini?"

"Ningekwenda mwaka mmoja baadaye," alisema Mahfoudha. "Nikiwa mimi."

Wifi yake alitokea mlangoni kuwaita, chakula tayari. Turki alishukuru na kumwambia dada yake waingie, wale kwanza, maneno yatafuata.

"Umenivika umri wa maiti miaka thelathini, halafu unaniuliza mbona sili nyama yako."

Alikwenda kukaa garini. Alikaa saa nzima na madirisha yamefungwa. Ahlam, ambaye hakuwa na ugomvi na nyama, alikula sahani mbili.

Wiki tatu baadaye Turki alipiga simu. Alisema amefikiri, atakuja, atasema yanayotakiwa. Mahfoudha alimshukuru kwa maneno mawili. Lakini asubuhi ya siku ya kamati, katikati ya Januari, alipita sokoni akanunua bakuli la halwa, na Ahlam alipouliza ni la nani alisema la mjomba wako. Ahlam anasema hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba kumwona mama yake amelegeza taya.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, nyuma ya meza ndefu: mwenyekiti, karani na daktari. Daktari alisema wazi kwamba katika umri huu mifupa haiwezi kumwambia kama mtu ana hamsini na tatu au sitini. Kila kitu kilikuwa juu ya mashahidi. Bi Kaltham aliletwa kwenye kiti. Alieleza msimu wa karafuu, jina la mkunga, mvua iliyonyesha usiku ule, na jinsi yeye mwenyewe alivyomshika mtoto wakati mkunga akimshughulikia mama. Mwenyekiti alimuuliza maswali matatu, akajibiwa yote, karani akaandika.

Kisha Turki. Alikuwa amevaa vizuri kuliko wote waliokuwamo chumbani, pamoja na mwenyekiti. Alisema, kwa Kiarabu safi na bila ya haraka, kwamba cheti alipewa na mama yao, Mungu amrehemu. Mama alikuwa mzee wa shamba, hakujua Kiingereza, na cheti kilikuwa cha Kiingereza. Aliona jina, akadhani ni cha huyu. Alimpa yeye, naye alikipeleka kwa nia njema. Kosa lilikuwa la mama.

Mwenyekiti alifurahi waziwazi. Hiyo ndiyo habari ambayo kamati ya namna ile huipenda: kosa lisilo na mkosaji, au lenye mkosaji aliyekwisha kufa. Aligeuza karatasi, akachukua kalamu, akamuuliza Mahfoudha kama anathibitisha maneno ya kaka yake.

Mahfoudha alimtazama kaka yake. Bi Kaltham naye alikuwa amemgeukia Turki, mdomo wazi.

"Ustadha," alisema mwenyekiti kwa upole, "ukisema ndiyo, jambo limekwisha."

"Hapana," alisema Mahfoudha. "Cheti kilikuwa cha Kiingereza, ni kweli. Na Mama hakukijua Kiingereza. Lakini mtoto aliyemzika alimjua. Alimwambia huyu asikitoe, na huyu akakitoa."

Karani aliacha kuandika. Mwenyekiti alimuuliza Bi Kaltham kama analijua jambo hilo, naye akasema alikuwapo na alisikia kwa masikio yake. Mwenyekiti akamgeukia Turki na kumuuliza, kwa adabu kubwa, kama angependa kurekebisha ushahidi wake. Chumba kizima kilimpa nafasi. Ilikuwa sentensi moja tu, na waliokuwamo wanasema alifungua mdomo kuisema. Kisha akairekebisha kofia yake kichwani.

"Sina la kuongeza."

Mwenyekiti aliifunga kalamu. Mashahidi wamepingana, alisema, na jambo limeingia katika kiapo cha uongo, ambacho si kazi ya kamati yake. Tarehe inabaki kama ilivyo. Mahfoudha aliomba arudishiwe cheti halisi, kwa kuwa si chake na wao hawana haja nacho. Walijiwekea nakala, wakampa.

Nje, katika kivuli cha jengo, Turki alimfuata. Alikuwa ameogopa na sasa alikasirika, kama watu wanavyokasirika hatari ikishapita.

"Nimekuletea miaka sita mkononi, ukaitupa."

"Ilikuwa yako lini, hata ukaileta?"

"Mama amekufa, Mahfoudha. Haimdhuru tena."

"Ndiyo maana ulimchagua yeye."

Alimsaidia Bi Kaltham kuingia garini, akafunga mlango. Halwa alipewa askari wa getini, ambaye alishukuru mno na kumwombea dua ya maisha marefu. Ndugu hao wawili hawajazungumza tangu siku ile, na sasa ni mwaka 2007. Turki hutuma salamu kila Idi kupitia kwa Ahlam. Ahlam huzifikisha. Mama yake humwambia ameshasikia.

Zilibaki wiki nne za kufundisha. Muhula wa pili ulipoanza Februari, Mahfoudha alibandika mlangoni kwamba Jumatatu darasa la tisa litakuwa na somo la mbingu. Mwalimu mkuu, Fawziya, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake na mara moja alilala sakafuni akiwa ardhi, alimwendea akamkumbusha kwa heshima kwamba sura hiyo kwenye mtaala ni ya Aprili.

"Aprili sipo," alisema Mahfoudha.

Fawziya alisema mwalimu mpya ataifundisha. Mahfoudha alimuuliza kama mwalimu mpya amewahi kuifundisha. Fawziya alikiri kwamba huyo mwenyewe ameomba airuke, asije akapata matatizo na wazazi. Mahfoudha alikwenda kusogeza madawati.

Msichana mrefu kuliko wote mwaka ule alikuwa Ghadeer. Aliinama, akatandikwa abaya lenye vifungo. Chungwa lilimezwa na kuzaliwa. Kisha Mahfoudha alisimulia kisa ambacho hakimo kitabuni, kile kilichofika kwetu kupitia kwa Wagiriki. Jua, aliyekuwa mfalme wa miungu, aliambiwa kwamba Nuti ana mimba na kwamba watoto wake watachukua kiti chake cha enzi. Akaapa kuwa Nuti asizae siku yoyote ya mwaka. Mwaka wakati huo ulikuwa wa siku mia tatu na sitini, na zote zilikuwa zake yeye jua. Nuti alibeba mimba hana siku ya kuzalia. Ndipo mungu wa hekima akaenda kucheza na mwezi mchezo ule wa mashimo na kete, ambao hapa ni hawalis na Unguja ni bao, akamshinda, akamshinda tena, mpaka akapata mwanga wa siku tano. Siku hizo tano hazikuwa ndani ya mwaka wa mfalme. Nuti alizaa watoto wake humo, kila siku mmoja.

Miaka yote mingine alikisimulia kisa hiki kwa vichekesho, akimwigiza mwezi anayeshindwa. Safari hii hakuigiza kitu. Wasichana wanakumbuka kwamba alisema neno "akaapa" mara tatu, na mara ya tatu chaki ilivunjika mkononi mwake.

Ghadeer, kichwa chini, uso umejaa damu, aliuliza kwa nini Nuti hakumwendea jua mwenyewe akamwambia kwamba anadhulumiwa.

Mahfoudha alifuta mkono wake wenye chaki kwenye sketi.

"Alimwendea. Hakumsikiliza."

Hilo halimo kwa Wagiriki wala kwa Wamisri, na mwalimu alilijua hilo kuliko mtu yeyote chumbani.

"Sasa akafanya nini, ustadha?"

"Alibaki juu. Simama vizuri, magoti yako yanakunjika. Mbingu haikunji magoti."